Nimepokelewa Bruges, baba anataka kutoa kiinua mgongo chake

Shikamoo Mama,

Natumaini u mzima wa afya. Nimekuwa msomaji wa safu yako tangu nikiwa chuo, na leo nakuandikia kwa sababu nimebakiwa na siku chache za kutoa jibu, na nyumbani kwetu kila mtu ana lake.

Nina miaka 27. Nilimaliza shahada ya kwanza ya uhusiano wa kimataifa Chuo Kikuu cha Dodoma miaka minne iliyopita. Nilikaa nyumbani karibu mwaka mzima bila kazi, kisha nikapata mkataba kwenye chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa huku Mbinga. Siyo kazi niliyoisomea, lakini mshahara unakuja na nimeizoea. Siku hizi tunazunguka vijijini kuchukua pointi za GPS za mashamba, maana wanunuzi wanasema sheria mpya ya Ulaya inataka kahawa ijulikane imetoka shamba gani. Kuna mzee mmoja alitufukuza, akidhani tunapima shamba lake ili atozwe kodi. Nilimrudia peke yangu, nikakaa naye barazani, nikamwambia karatasi ile inakwenda wapi na nani ataisoma, mpaka akakubali.

Ndoto yangu ni diplomasia. Januari niliomba nafasi College of Europe, Bruges, Ubelgiji, katika idara ya uhusiano wa kimataifa na diplomasia ya Umoja wa Ulaya. Usaili nilifanya kwa video, mtandao ukikatikakatika, na nilipomaliza nilijua nimeshindwa. Wiki iliyopita barua ikaja: nimepokelewa. Nililia, Mama. Ila barua haina ufadhili. Gharama ya mwaka, pamoja na chumba na chakula, ni zaidi ya euro 25,000. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 70, na hapo sijahesabu nauli wala viza.

Baba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Kiinua mgongo chake kilitoka mwaka jana. Nilipomsomea ile barua alinyamaza muda mrefu, kisha akasema atatoa chote, kaka auze kiwanja cha Songea, na kinachopungua ukoo utachangishana. Alisema, "Elimu ndiyo niliyoifanyia kazi maisha yangu yote. Siwezi kumkatalia mwanangu." Mama yangu hajasema neno. Lakini nyumba yao imeishia kwenye lenta, na mabati walikuwa wayanunue mwaka huu.

Mjomba anasema nisihangaike na Ulaya, niende Chuo cha Diplomasia Kurasini, ndiko walikopita wakubwa. Rafiki yangu wa chuo ananiambia nikisoma Bruges nitaajiriwa na Umoja wa Ulaya wenyewe na hela ya baba nitairudisha ndani ya mwaka. Jambo jingine linalonitisha ni Kifaransa. Masomo pale ni kwa Kiingereza na Kifaransa, na Kifaransa changu kinaishia kwenye salamu.

Nichukue hela ya baba niende? Niiache nafasi? Au nimsikilize mjomba? Nimekuambatishia barua ya maelezo binafsi niliyoombea, uone nilivyoandika.

Binti wa Mwalimu, Mbinga

---

Marahaba, mwanangu. Na hongera sana.

Chuo hicho kilianzishwa 1949, vita vya pili vya dunia vikiwa bado vibichi, kwa ajili ya kuwakalisha pamoja vijana wa nchi zilizokuwa zikiuana. Idara yako ni changa zaidi, ilianza 2006. Wanaotoka pale wametapakaa kwenye ofisi za Brussels na wizara za mambo ya nje za Ulaya nzima. Kupokelewa ukiwa Mbinga, kwa mtandao unaokatika, kunaonyesha uwezo wako, na uwezo huo utabaki nao hata kama Septemba hutapanda ndege.

Jibu langu nalitanguliza ili usilitafute katikati ya maneno: usichukue kiinua mgongo cha baba yako. Kiandikie chuo leo uulize kama kuna msaada wa ada, hata wa sehemu, kwa mwombaji wa nchi yako. Wakijibu hakuna, iache nafasi ya mwaka huu kwa barua nzuri ya shukrani, na kuanzia wiki hiyohiyo anza kuitafuta Ulaya kwa njia ambayo analipa mwingine.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu matumaini ya kuirudisha hela ya baba yako yamesimama juu ya maneno yake. Ajira ya kudumu katika taasisi za Umoja wa Ulaya ni ya raia wa nchi wanachama. Hilo ni sharti la kwanza kabisa, linatangulia shahada, lugha na mtihani. Idara yao ya mambo ya nje, iliyozaliwa na Mkataba wa Lisbon na kuanza kazi 2011, ina ofisi za uwakilishi zaidi ya 140 duniani, moja ikiwa Dar es Salaam. Mtanzania anaweza kuajiriwa kwenye ofisi ile ya Dar kama mtumishi wa hapahapa nchini, akashughulikia miradi, habari au fedha. Ni kazi za heshima, lakini wanaozigombania wengi wamesoma nyumbani, na kilichowabeba ni uzoefu. Wenzako wa darasani Bruges wengi watakuwa Wafaransa, Waitaliano, Wajerumani, Wapoland. Wao wakimaliza wanakwenda kufanya mitihani ya ajira ya Umoja wao. Wewe pasi yako itakusimamisha getini.

Na wengi wa wenzako hao hawalipi wenyewe. Serikali za nchi zao zinawalipia, kwa sababu zinataka watu wao wakae kwenye ofisi hizo. Kuna pia ufadhili wa Umoja wa Ulaya kwa vijana wa nchi jirani na Ulaya, kama Moroko, Tunisia, Georgia na Moldova. Tanzania haimo katika ujirani huo. Kwa hiyo ungekuwa pale ukisoma kwa jasho la mwalimu mstaafu wa Mbinga, meza moja na vijana waliolipiwa na hazina za mataifa. Sisemi haya kukuumiza. Nataka uone mpangilio wa fedha ulivyo kabla familia haijauza kitu.

Tazama sasa ukirudi. Ofisa wa mambo ya nje huajiriwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, nafasi zikitangazwa, na hazitangazwi kila mwaka kwa idadi unayoitaka. Shahada ya nje lazima kwanza itambuliwe na TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ukifaulu, unaanza na mshahara wa serikali wa ngazi ya kuanzia. Huo hauwezi kurudisha milioni 70 kwa mwaka mmoja, wala kwa mitatu, na wewe mwenyewe unapaswa kula na kupanga nyumba. Baba yako hatapata kiinua mgongo cha pili. Akiugua, akitaka kuezeka, akiingiliwa na msiba, atakuwa na pensheni ya mwezi tu. Mama yako anayajua haya yote, na ndiyo maana amenyamaza.

Namna ya kumwambia baba ina uzito wake, maana ametoa kitu kikubwa na hapaswi kuona kimetupwa. Usimwambie kwa simu, na usimtume kaka. Nenda ukae naye jioni, mama akiwepo. Mwambie, "Baba, nimekusikia na sitasahau ulichosema. Radhi yako naiomba, na hiyo nakwenda nayo. Hela yako naomba iezeke nyumba." Kisha mwonyeshe kwenye karatasi mpango wako wa mwaka mmoja, tarehe kwa tarehe, yeye ni mwalimu, atataka kuuona umeandikwa. Kama bado anataka kuchangia, mwombe nauli ya kwenda Dar siku ukiitwa kwenye usaili wa ufadhili au ada ya mtihani wa Kiingereza. Hiyo ni zawadi inayolingana na mfuko wake, naye atajisikia yumo kwenye safari.

Sasa swali ambalo hukuniuliza, nalo ndilo ninalolijali zaidi: unaitaka diplomasia ya Ulaya ya nini?

Nimefanya kazi miaka mingi upande wa wanaoandaa makabrasha ya mazungumzo ya biashara, na nimeona vijana wetu wakirudi na shahada nzuri za nje wakijua nadharia zote za uhusiano wa kimataifa, lakini ukimuuliza ni nani hasa Brussels mwenye mamlaka ya kubadili kifungu fulani, hana jibu. Mtanzania anayeisoma Ulaya anapaswa kuisoma ili akae upande wa pili wa meza akiwa anajua upande ule unaamuaje. Huko ndiko tunakokosa watu.

Chukua mfano wa Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, EPA. Mazungumzo kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya yalisota tangu 2007 hadi yakafungwa Oktoba 2014. Mkataba ulitaka Jumuiya iondoe ushuru kwa asilimia 82.6 ya bidhaa zinazotoka Ulaya, hatua kwa hatua ndani ya miaka 25. Kenya na Rwanda zikatia saini Septemba 2016. Tanzania ikasita kwa hofu ya viwanda vyake, na Novemba mwaka huo Bunge letu likashauri tusisaini. Watu wengi wanakumbuka ubishi, wachache wanajua kwa nini Kenya ilikuwa na haraka namna ile. Sababu iko kwenye sheria za Ulaya. Sisi, pamoja na Uganda, Rwanda na Burundi, tumo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, na bidhaa zetu zinaingia Ulaya bila ushuru hata tusiposaini chochote, isipokuwa silaha. Kenya haimo katika kundi hilo. Mwishoni mwa 2014, mkataba ulipochelewa, maua ya Naivasha yalianza kutozwa ushuru na wakulima wakapiga kelele. Jumuiya moja, sahani moja, lakini njaa tofauti, na wenzetu wa Brussels walilijua hilo tangu siku ya kwanza. Hatimaye Kenya ilikwenda peke yake, ikasaini Nairobi Desemba 18, 2023, na mkataba ukaanza kutumika Julai 1, 2024.

Anayesoma kisa hiki darasani Ulaya, kwa walimu wanaozijua nyaraka, anajifunza mambo ambayo gazeti halimpi. Kwamba katika biashara, nchi 27 zinasema kwa mdomo mmoja: Kamisheni ndiyo inayojadiliana, ikiwa imepewa maelekezo na Baraza la mawaziri, na mwishoni Bunge la Ulaya linapiga kura kukubali au kukataa. Kwamba katika siasa za nje mambo ni kinyume: maamuzi makubwa yanahitaji kauli moja ya wote, na nchi moja ndogo inaweza kuyazuia. Kwa hiyo balozi wetu Brussels akiwa na shauri la ushuru anagonga mlango mmoja, akiwa na shauri la vikwazo au la jeshi anagonga mingine, na kuna siku inambidi apande ndege aende mji mkuu wa nchi moja iliyogoma. Ukisoma shahada ya uzamili popote Ulaya, chagua masomo ya namna hii: sheria ya mahusiano ya nje ya Umoja, sera ya biashara, namna Bunge la Ulaya linavyofanya kazi. Kozi za uongozi wa jumla na mawasiliano waachie wengine.

Sasa nirudi Mbinga kwako. Umeniandikia kama vile kazi ya ushirika ni mahali ulipopoteza muda ukisubiri diplomasia. Mwanangu, hiyo sheria ya Ulaya inayokuzungusha vijijini ni ya 2023. Inahusu kahawa, kakao, ng'ombe, soya, mawese, mpira na mbao, na inakataza kuingiza Ulaya zao lililotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja baada ya malalamiko ya nchi zinazozalisha, pamoja na wafanyabiashara wa Ulaya wenyewe. Shamba lisilozidi hekta 4 linatosha kwa pointi moja. Linalozidi lazima mpaka wake wote uchorwe. Kifungu kidogo kama hicho ndicho kinachoamua kama mkulima wa Kimatengo mwenye ekari mbili atapimwa kwa dakika moja au kwa nusu siku. Wewe unakijua kwa miguu. Yule mzee aliyekufukuza, ukarudi ukakaa naye barazani ukamwelewesha karatasi inakwenda wapi, hapo ulikuwa unafanya kazi ile ile unayotaka kuisomea: kumweleza mtu madai ya mwingine aliye mbali, bila kumdanganya na bila kumdharau.

Nimeisoma barua yako ya maelezo binafsi. Inaanza: "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwa mwanadiplomasia atakayeleta amani na maendeleo duniani." Sentensi hiyo wanaopitia maombi wameisoma mara nyingi, kutoka kila bara. Kahawa imetajwa mara moja, aya ya nne, kama "uzoefu katika sekta ya kilimo". Igeuze. Aya ya kwanza iwe ya yule mzee na kipimo chako cha GPS. Ya pili ieleze sheria inavyotaka na inavyowafikia wakulima, pamoja na lile ambalo watunga sheria hawakuliona. Ya tatu iseme unataka kusoma nini, kwa mwalimu gani, katika kozi gani, ili siku Tanzania ikikaa kujadili kanuni kama hizo awepo mtu aliyewahi kushika kipimo shambani. Tasnifu yako tayari unayo. Ukiandika hivyo, nina imani kubwa kwamba utasikilizwa.

Njia za kulipiwa zipo, na kwa umri na uzoefu wako uko mahali pazuri. Iliyo kubwa ni Erasmus Mundus, shahada za uzamili zinazoendeshwa na vyuo kadhaa kwa pamoja, unasoma nchi moja kisha nyingine. Anayepata ufadhili halipi ada na anapewa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na Mtanzania anaomba sawa na wengine wote. Angalia ile ya Global Studies inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Leipzig, na nyingine zinazogusa usalama na sera za Umoja wa Ulaya. Maombi hufunguliwa kuanzia Oktoba hivi na mengi hufungwa kati ya Desemba na Februari, kila programu na tarehe yake, kwa hiyo anza kuyafuatilia Septemba.

Iliyo karibu zaidi kwa kalenda ni ya Ujerumani, programu ya Helmut Schmidt ya DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wanafunzi, kwa vijana wa nchi zinazoendelea. Mwisho wa kuomba huwa Julai 31. Mojawapo ya vyuo vyake ni Willy Brandt School kule Erfurt. Hiyo ni shahada ya sera za umma, hailingani moja kwa moja na diplomasia, lakini masuala ya kimataifa yamo, wanakufundisha Kijerumani kabla ya kuanza, na wanataka mtu ambaye hajapitisha miaka sita tangu ahitimu. Wewe una minne. Ireland nayo ina ufadhili wa serikali unaoijumuisha Tanzania, shahada ya mwaka mmoja, na ni mwanachama wa Umoja wa Ulaya anayefundisha kwa Kiingereza, jambo ambalo kwako ni faida. Chevening ya Uingereza inadai saa 2,800 za kazi, sawa na miaka miwili hivi, nawe unazo. Unalazimika kurudi nyumbani miaka miwili baada ya masomo. Uingereza imetoka kwenye Umoja tangu 2020, lakini vyuo vyake havijaacha kuufundisha, na kuna faida ya kumsikiliza jirani aliyehama akieleza nyumba ilivyokuwa.

Ukiwa na nafasi Ujerumani bila ufadhili, jua kwamba viza ya mwanafunzi inadai uonyeshe euro 11,904 za mwaka kwenye akaunti maalumu. Nalitaja kwa sababu watu wanasikia "Ujerumani ada ni bure" wakakimbilia barua ya udahili, kisha wanakwama ubalozini.

Kifaransa kinahitaji muda zaidi kuliko hofu. Kwa Bruges ungekihitaji kweli, mihadhara mingine ni ya Kifaransa mwanzo mpaka mwisho, na mwaka ule ni mfupi, kama miezi kumi, hakuna nafasi ya kukimbizana na lugha na sera kwa wakati mmoja. Kwa njia nilizokutajia Kiingereza kinatosha. Lakini anza Kifaransa hata hivyo. Burundi na Kongo ni majirani zetu na ndugu zetu wa Jumuiya, Umoja wa Afrika unakitumia, na Brussels mtu akichoka na mkutano rasmi, mazungumzo ya korido mara nyingi yanahamia huko. Redio ya RFI ina vipindi vya wanaojifunza, na simu yako inatosha kwa mwaka wa kwanza. Nusu saa kila asubuhi kabla ya kwenda vijijini.

Mjomba wako msalimie, amesema neno la maana. Chuo cha Kurasini kilianzishwa 1978 na serikali za Tanzania na Msumbiji, wakati Kusini mwa Afrika kunawaka moto, na siku hizi kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Stashahada yao ya uzamili inakufundisha itifaki, uandishi wa taarifa za kibalozi na msimamo wa nchi yako, vitu ambavyo hakuna chuo cha Ulaya kitakachokufundisha. Kama maombi yote ya mwaka huu yakikwama, ningekwenda Kurasini bila kusita, kisha Ulaya baadaye nikiwa nimeajiriwa, kwa ruhusa ya masomo na kiti kinachonisubiri. Ila usiende sasa hivi kwa sababu tu umekata tamaa ya Bruges.

Na milango ya kazi ni mingi kuliko wizara peke yake. Kuna sekretarieti ya Jumuiya pale Arusha, Umoja wa Afrika Addis Ababa, eneo huru la biashara la Afrika lenye makao Accra. Brussels yenyewe kuna sekretarieti ya nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, shirika lenye mizizi ya 1975, ambalo Tanzania ni mwanachama. Pale pasi yako ni sifa. Hao ndio waliokaa na Ulaya hadi ukatiwa saini Mkataba wa Samoa, Novemba 2023. Ukitaka kuishi Brussels ukifanya diplomasia, elekeza macho kule.

Kabla hujakijibu chuo, soma masharti ya malipo ya barua yako. Usitume hata senti ya kushikilia nafasi mpaka ujue kama inarudishwa. Na katika barua ya kukataa, waulize waziwazi kama mwaka ujao unaweza kuomba tena; waliokupokea mara moja hawana sababu ya kukusahau.

Leo mwandikie bosi wako wa ushirika na mwalimu mmoja wa Dodoma aliyekufundisha vizuri, uwaombe barua za mapendekezo. Walimu huchelewa, nao usiwasubirie Julai. Ukishaiandika upya barua ya maelezo binafsi, nitumie kabla ya Julai 15. Nitaisoma na kuirudisha na maoni yangu ndani ya wiki.